Je, Ukipendacho Chaweza Kulisha Nyumba?

Muhula huu chama chetu cha mjadala kilipewa hoja isemayo kwamba jambo ambalo mtu hulifanya kwa kupenda na kujifurahisha lisifanywe kazi ya riziki. Ukumbi ulijaa hata wengine wakasimama madirishani. Waliounga mkono walisema kwamba wazazi wa Gorong'a hawauzi ng'ombe kulipia vitabu na sare ili mtoto akamalize masomo na kukaa chini ya mti akichora twiga. Waliopinga walitaja wachezaji wa mpira na waimbaji wa bongo fleva, magari yao na nyumba zao, wakapigiwa makofi mengi kuliko hoja zao zilivyostahili. Kura zilipohesabiwa waunga mkono walishinda kwa kura chache, na ubishi ukaendelea mpaka bwenini.

Mimi nilikaa nyuma nikisikiliza, na kwa maoni yangu pande zote mbili ziliuliza swali lisilofaa. Hapana haja ya kuuliza kama ukipendacho chaweza kulisha nyumba, kwa maana mifano ya waliolishwa ipo, na mifano ya waliolala na njaa ipo pia. Swali la kuuliza ni hili: mtu akipenda kitu, aongeze nini juu ya kupenda huko hata kitu chenyewe kidumu miaka thelathini, kisiishe kama moto wa mabua? Juu ya swali hili hakuna msemaji hata mmoja aliyefungua kinywa, ndiyo sababu nimeomba nafasi katika gazeti letu.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya neno kupenda. Wako vijana wasemao wanapenda mpira, nao hawajagusa mpira tangu muhula uanze. Wanalopenda ni kutazama. Kutazama si vibaya, lakini hakuna atakayekulipa kwa kutazama. Kupenda ninakokusema hapa ni kule kwa mtu afanyaye jambo bila kutumwa, tena akalirudia likimshinda. Katika shule yetu wako wengi wa namna hiyo. Yuko afunguaye redio zilizokufa na kuzifunga tena, na nyingine hufufuka. Yuko achoraye kwenye majalada ya madaftari mpaka walimu wakamkemea. Wako wakimbiao asubuhi kabla ya kengele, na wasichana wanaoshona vitambaa vizuri kuliko vile vinavyouzwa mnadani. Hao ndio ninaowaandikia, pamoja na wazazi wao.

Sasa nataka niwasimulie habari za mtu mmoja ambaye kila mmoja wetu amekwisha kuona mfano wa kazi yake, hata kama hajui jina lake lilitoka wapi. Picha zile za rangi kali, chui mwenye madoa makubwa, ndege wenye shingo ndefu, tembo aliyejaa ubao mzima, huitwa tingatinga. Vijana wengi hudhani ni jina la mtindo tu, au la ile mashine ya kuchonga barabara. Sivyo. Ni jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa nchi yetu. Shule aliisoma miaka michache tu. Akiwa kijana alitoka kwao kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kama walivyofanya maelfu ya wenzake zama zile, kisha akafika Dar es Salaam akafanya kazi za nyumbani na bustani kwa Mzungu mmoja. Hakuingia chuo chochote cha sanaa.

Yapata mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji, ambazo zilikuwa ghali na zikitoka ng'ambo. Alichukua vibao vya dari, vile vinavyopigiliwa juu ya vyumba, akavichora kwa rangi ya mafuta ing'aayo, ile ipakwayo baiskeli. Hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu katika vitu hivi viwili mna akili nyingi. Ubao mmoja wa futi nne kwa nane, ukiukata mraba wa futi mbili kwa mbili, hutoa vipande vinane kamili, wala hapatupwi kitu. Rangi ya baiskeli hupatikana dukani popote, hung'aa yenyewe, wala haiogopi maji. Kwa hiyo picha ilimgharimu fedha kidogo, iliweza kubebwa mkononi, tena mnunuzi aliweza kuisafirisha mpaka kwao Ulaya bila kuvunjika. Mtu huyu alipenda kuchora, lakini alipiga hesabu pia.

Tena alitafuta mahali. Picha zake ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay, mtaa waliokokaa wageni na wakubwa wenye fedha. Mkewe Agatha alishiriki katika kuuza. Baadaye kampuni ya taifa ya sanaa ikawa inanunua picha zake. Na hata hapo, jambo ambalo wapingaji wa hoja hawakulisema, Tingatinga alipata kazi ya mshahara katika hospitali ya Muhimbili, akaifanya huku akiendelea kuchora.

Lakini neno kubwa kuliko yote ni kwamba aliwafundisha wengine. Alikusanya vijana wachache, wengi wao jamaa zake na watu wa kwao, wakakaa pamoja naye, wakajaza rangi, wakajifunza kwa kutazama mkono wake. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akafa akiwa na umri wa miaka arobaini tu. Basi tuhesabu. Kazi yake ya kuchora ilidumu miaka minne hivi. Kama angalikuwa mtu wa kuficha ujuzi wake, picha zake chache zingalibaki katika nyumba za wageni na jina lake lingalisahauliwa. Lakini wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea palepale, na wao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga. Leo ni zaidi ya miaka hamsini tangu afe mwenyewe, na ufundi huo ungali unalipa karo za watoto, Dar es Salaam, Zanzibar, Arusha, na katika vibanda vya barabarani wapitako watalii.

Najua kuna wanaosema kwamba wachoraji hawa hurudia picha zile zile, simba yule yule na mbuyu ule ule, na kwamba hiyo si sanaa. Pengine wana haki kidogo. Ila fundi seremala naye hurudia kiti kile kile, wala hatumwambii kwamba si fundi. Anayetaka kuvumbua na avumbue, akiisha kula.

Sasa tuje kwa mtu wa namna nyingine. Shaaban Robert, ambaye vitabu vyake tunavisoma darasani, alizaliwa mwaka 1909 huko Vibambani karibu na Tanga. Wengi wetu twamfikiri kama mtu aliyekaa kivulini na kalamu yake siku zote. La hasha. Alikuwa karani wa serikali. Alianza katika idara ya forodha mwaka 1926, akahamishwa huku na huku, Pangani, Mpwapwa, Tanga, na ukarani huo aliufanya kwa zaidi ya miaka thelathini. Mchana aliandika hati za wakubwa, na mashairi yake akayatungia saa zilizobaki. Kusadikika kilitoka mwaka 1951, na Adili na Nduguze mwaka 1952, wakati mwandishi angali mtumishi wa ofisi. Alifariki mwaka 1962, na vitabu vyake vingine, kama Kufikirika, vilichapishwa yeye akiwa kaburini.

Mimi sioni kwamba ukarani ule ulikuwa kifungo kwake. Naona ulikuwa uzio uliomlinda. Mtu mwenye mshahara mdogo wa hakika aweza kuandika alitakalo, wala halazimiki kuwasifu matajiri harusini ili apate chakula cha jioni. Vitabu vina tabia ya kulipa polepole, na vingine havilipi kabisa. Ukitunga, usiache jembe. Wala usidhani hili ni neno la kuwavunja moyo watungaji wa shule yetu, ambao nawajua na ambao mashairi yao yamo katika kurasa nyingine za gazeti hili. Ni neno la kuwapa miaka mingi ya kutunga. Na tena ajue kila mtungaji kwamba tangu mwaka 1999 nchi yetu ina sheria ya hakimiliki, na kazi ya kichwa chake ni mali kama ng'ombe alivyo mali. Asiigawe kwa soda.

Katika riadha mambo hugeuka, kwa sababu mguu hauwezi kungoja mpaka mtu astaafu ukarani. Hapa mfano tunao karibu. Suleiman Nyambui ni mtoto wa mkoa wetu wa Mara, mzaliwa wa Majita, upande wa ziwa. Mwaka 1980 katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow alikuwa wa pili katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, akapata medali ya fedha. Katika michezo hiyo hiyo Filbert Bayi naye alipata medali ya fedha, katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Hadi michezo ya Paris ya mwaka 2024, hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata. Moja ni ya Mara! Nashangaa kwamba katika ukumbi mzima hakuna aliyemtaja Nyambui, nao walitaja waimbaji wanane.

Tazameni alivyopanga maisha yake. Mbio zilimpeleka Marekani, Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, akakimbia huku akisoma. Alipoanza kupungua kasi ya mbio fupi hakutundika viatu, bali alihamia mbio ndefu, akashinda marathoni ya Berlin mwaka 1987, akaishinda tena mwaka 1988, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano hivi. Na miguu ilipokwisha kabisa, akawa kocha na kiongozi katika chama cha riadha cha taifa. Bayi naye, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, hakukaa akisimulia habari za Christchurch mpaka uzeeni. Alifungua shule zenye jina lake katika Mkoa wa Pwani. Kupenda kwao mbio hakukwisha; kulibadili nguo tu. Mkimbiaji asiyejua atafanya nini baada ya miaka thelathini na mitano anakimbilia ukutani.

Basi kutoka kwa hao wote, mchoraji, mtungaji na wakimbiaji, naona mambo ambayo hayakupatikana katika kupenda kwenyewe. Tingatinga aliweka hesabu, mahali pa kuuzia na wanafunzi. Shaaban Robert alikuwa na kazi nyingine ya kumshika mkono. Nyambui na Bayi walitayarisha kazi ya pili itakayotoka ndani ya ile ya kwanza. Hakuna hata moja katika hayo lililo tamu kama kuchora au kukimbia. Ni mambo makavu. Lakini nyumba husimama juu yake.

Mtaniambia kwamba hao ni watu wakubwa na Dar es Salaam ni mbali. Haya, turudi hapa kwetu.

Kila kijana wa upande huu anajua habari za dhahabu. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na pembeni ya uchimbaji mkubwa wako wachimbaji wadogo, na karibu yao wako wavulana waliopaswa kuwa darasani. Sitaki kuihubiri dhahabu. Imewajengea wengine nyumba, na nani asiyetaka nyumba? Nasema tu tuilinganishe. Jiwe likiisha kuchimbwa halioti tena, na aliyelichimba hakuongeza ujuzi ila maumivu ya mgongo. Ujuzi wa mkono huongezeka kadiri unavyotumika. Mvulana aondokaye Kidato cha Pili kwa ajili ya mfuko wa mawe anauza kitu kiishacho na kuacha kile kisichokwisha.

Tena tunaye jirani ambaye dunia nzima humjia kwa ndege. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, nyumbu huvuka Mto Mara kaskazini mwa hifadhi, na watu hutoka Japani na Marekani kuja kuwatazama wakivuka mto ambao sisi huuona kama mahali pa kunyweshea mifugo. Wageni hawa huongozwa na nani? Na mtu ajuaye. Katika Serengeti mna aina zaidi ya 500 za ndege, na mwongozaji awezaye kumtaja ndege kwa sauti yake kabla hajaonekana hutafutwa kwa jina lake na wageni wale wale mwaka ufuatao. Ninamjua mvulana mmoja katika shule yetu ambaye huwatambua ndege wa bondeni kwa mlio, na wenzake humcheka. Wasimcheke. Chuo cha Mweka, kwenye mitelemko ya Kilimanjaro, kimekuwa kikifundisha usimamizi wa wanyamapori tangu mwaka 1963. Ila Mweka hawataki masikio matupu. Wanataka biolojia, jiografia na Kiingereza. Hapo ndipo kupenda ndege kunapomrudisha mtu kwenye daftari alilokuwa akilikimbia.

Na iritungu je? Kinubi hiki cha Wakurya, chenye nyuzi nane na sauti nzito, kila mmoja wetu amekicheza kwa miguu harusini. Lakini niambieni, katika kidato chenu ni wangapi wawezao kukipiga? Na ni wangapi wawezao kukichonga, kuchagua mti, kuwamba ngozi, kukaza nyuzi? Wazee wanaojua wanapungua. Wageni wapitao kwenda Serengeti wangalifurahi kukisikia, na Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981, kinafundisha muziki wa asili kwa vijana waliomaliza shule. Kipo kitu hapa cha kupendwa na cha kuuzwa, na mahali pa kujiendeleza papo. Kilichopungua ni kijana mwenye subira ya kukaa miezi sita miguuni pa mzee.

Sasa neno kwa wazazi wetu, kwa heshima. Hofu yenu naijua na naiheshimu. Ng'ombe aliyeuzwa harudi. Mmeona vijana waliosema wana kipaji, wakaacha shule, na kipaji kikawaacha. Lakini tazameni na upande wa pili. Mitaala mipya ya sekondari iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeweka mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla, ili mtoto ajifunze ufundi pamoja na masomo. Nimesikia wazazi wakiuita mkondo wa walioshindwa. Maneno hayo yanaumiza. Fundi umeme anayeijua fizikia yake si mtu aliyeshindwa; aliyeshindwa ni yule mwenye cheti asiyeweza kubadilisha hata swichi, naye angojea barua ya kazi mwaka wa tano.

Na juu ya mabinti. Mvulana akichora, baba husema labda kitamfaa. Msichana akishona, husemwa kwamba amejiandaa kwa mume. Kwa nini mkono wa msichana usihesabiwe kuwa na riziki? Msichana mwenye cherehani yake na wateja wake hana haraka ya kuozwa, na hata akiolewa kwa hiari yake na wakati wake, husikilizwa nyumbani. Mama anayesoma maneno haya anajua ninachosema. Nawaomba kina baba kabla ya kuuliza binti ataleta ng'ombe wangapi, waulize kwanza ni nini awezacho kukifanya kwa mikono yake, na waulize mbele yake.

Nitatoa hesabu moja ndogo, kwa wale wapendao kuchora na wasiopenda hisabati. Tuseme picha yako umeiuza kwa shilingi 15,000. Umefurahi sana. Ubao na rangi vilikugharimu shilingi 6,000. Zimebaki 9,000. Uliichora kwa siku tatu, kwa hiyo kila siku umepata shilingi 3,000. Bado nauli ya kwenda mjini na kurudi. Ikiwa nauli ni shilingi 6,000 na umekwenda na picha moja, umechora siku tatu kwa shilingi 3,000, yaani shilingi 1,000 kwa siku. Ukienda na picha sita, nauli ile ile imegawanyika mara sita, shilingi 1,000 kwa kila picha. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini Tingatinga alikata ubao wake mraba, na kwa nini alihitaji vijana wa kujaza rangi. Mwalimu wa hisabati hakuzuii kuchora. Anakuonyesha kama unalipwa au unajilipisha.

Wengine watasema kwamba nikiingiza fedha katika jambo la kupenda nimeliua. Hoja hiyo ilitolewa na msichana wa Kidato cha Tatu, naye alisema vizuri kuliko wasemaji wote wa jioni ile: kwamba akishona kwa kupenda hupumzika, na akishona kwa oda hukasirika. Ni kweli. Ukilifanya jambo kuwa kazi, sehemu ya utamu wake itaondoka. Kutakuwa na mteja mkaidi, na siku ya kushona huku kichwa kinauma. Kama mtu hawezi kustahimili hayo, afadhali akibakishe kipendacho moyo wake kuwa cha Jumapili, atafute riziki mahali pengine, wala asione haya. Si kila wimbo lazima upelekwe sokoni. Lakini yule ambaye hata siku ya kuumwa kichwa bado mkono wake hutafuta sindano, huyo ndiye ninayemwambia aanze kuweka daftari la hesabu.

Kuhusu shule yetu, nina ombi kwa Mkuu wa Shule na kamati ya wazazi. Kibao kilichoko barabarani kimefifia hata mgeni hawezi kulisoma jina letu, na nimesikia kwamba anatafutwa fundi kutoka mjini aje kukichora upya. Nashauri kazi hiyo wapewe wanafunzi wetu wenyewe. Watoe bei kwa maandishi, waandike gharama za rangi na brashi, waseme siku watakayomaliza, na wakimaliza walipwe kama ambavyo angelipwa fundi wa mjini, na wakichelewa wakatwe. Viti vilivyovunjika katika chumba cha Kidato cha Kwanza, vipatavyo kumi na vinne, navyo vingojee watoto wa useremala kwa masharti hayo hayo. Na kama yuko mzazi amjuaye mzee mpigaji na mchongaji wa iritungu ambaye angekubali kuja Jumatano alasiri, atuletee habari kabla ya shule kufungwa. Nauli ya mzee tutaichanga sisi walimu.